Julius Sang: Chuo kidogo kilivyompeleka jukwaa la Munich

UKISHUKA Longisa, kwenye barabara itokayo Bomet kuelekea Narok, hutakosa kusikia jioni vijana wakibishana kuhusu nani ana nguvu kuliko nani. Zamani ubishi huo ulikuwa wa Gor Mahia na AFC Leopards. Baadaye ukahamia ligi ya Uingereza na ile ya Uhispania. Siku hizi limeongezeka swali jingine, ambalo babu zao hawakulijua: kati ya jumuiya za michezo za vyuo vikuu vya Marekani, ni ipi iliyo imara zaidi? Ni SEC, Big Ten, Big 12, au ACC?

Swali hili si porojo za kupitishia wakati. Nyanda hizi za chai za Kericho na Bomet, sawa na majirani zao wa Nandi na Elgeyo Marakwet, zimewapeleka Marekani vijana wengi wenye kasi ya miguu. Barua ya ufadhili inapofika nyumbani, mzazi hutaka kujua kama chuo kinachomwita mwanawe ni kikubwa au ni kidogo. Wengi huamua kwa jina la jumuiya tu. Kabla ya kuamua hivyo, ingefaa wakumbuke maisha ya marehemu Julius Sang.

Vyuo vya Marekani havishindani vyote katika ligi moja. Vimegawanyika katika jumuiya, kila moja ikiwa na ratiba yake, waamuzi wake na ubingwa wake. Sifa ya jumuiya kubwa hujengwa na mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, usiofanana hata kidogo na kandanda yetu. Mpira huo ndio unaoleta fedha za televisheni, na fedha hizo ndizo zinazolipia viwanja, makocha na hata mbio. Ndiyo maana mwaka 2024 UCLA na USC za California ziliihama Pac-12 na kujiunga na Big Ten, nazo Texas na Oklahoma zikahamia SEC. Mwanariadha hakuulizwa. Alibebwa tu na mkondo wa mpira.

Julius Sang, Mkalenjin wa Bonde la Ufa aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, aliingia katika ulimwengu huo wakati Wakenya walioujua walikuwa wachache. Alikua katika kipindi ambacho taifa changa lilikuwa likijigundua uwanjani. Mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki alipomaliza wa tatu katika mita 800. Miaka minne baadaye mjini Mexico, Kiprugut alipata fedha katika mbio zizo hizo. Timu ya kupokezana vijiti ya 4x400m, iliyokuwa na Daniel Rudisha, Hezekiah Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati, nayo ikapata fedha nyuma ya Wamarekani.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Sang alikuwa mmoja wa wanne walioipatia Kenya dhahabu ya kupokezana vijiti. Wenzake walikuwa Asati, Nyamau na Robert Ouko. Majina hayo manne yangesikika tena pamoja baada ya miaka miwili.

Sang na Ouko walikwenda kusoma katika chuo kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham. Mji huo ulikuwa kama mizani yenye sahani mbili. Upande mmoja kilikuwako chuo cha Duke, tajiri na chenye jina, mwanachama wa jumuiya ya ACC tangu ilipoanzishwa mwaka 1953. Upande wa pili kilikuwako chuo chao, kilichoanzishwa mwaka 1910 na James Shepard kwa ajili ya Waamerika weusi, katika zama ambazo milango ya vyuo vya Wazungu katika jimbo hilo ilikuwa imefungwa mbele yao. Duke yenyewe haikuwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hadi mwaka 1963.

North Carolina Central kilikuwa kimetoka tu katika jumuiya kongwe ya vyuo vya weusi, CIAA, iliyoundwa mwaka 1912, na mwaka 1970 kikawa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya mpya ya MEAC. Mtu aliyepima nguvu za jumuiya kwa ukubwa wa viwanja na wingi wa fedha asingeiweka MEAC karibu na wakubwa. Katika riadha, mfalme wa siku hizo alikuwa UCLA wa jumuiya ya Pacific-8, ambaye alitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani mara tatu mfululizo, mwaka 1971, 1972 na 1973. UCLA ilikuwa na Wayne Collett na John Smith, wakimbiaji wawili wa mita 400 ambao kila mtu aliwahofia. Smith alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya yadi 440, sekunde 44.5, aliyoiweka mwaka 1971.

Lakini chuo hicho kidogo cha Durham kilikuwa na kitu ambacho hakionekani kwenye jedwali la fedha. Kilikuwa na kocha LeRoy Walker. Mjukuu huyo wa watumwa, mzaliwa wa Atlanta, alikuwa amefundisha hapo tangu mwaka 1945. Baadaye, mwaka 1976, angekuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya riadha ya Marekani katika Olimpiki, na baada ya hapo rais wa kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo. Katika kundi lake alikuwamo pia Larry Black, Mmarekani ambaye angerudi kutoka Munich na dhahabu ya 4x100m na fedha ya mita 200. Kwa hiyo Sang, alipokuwa akifanya mazoezi ya kawaida ya kila siku, alikuwa akikimbia na watu wa kiwango cha Olimpiki.

Michezo ya Munich ya mwaka 1972 iliingiwa na msiba. Alfajiri ya Septemba 5 magaidi walivamia makazi ya Waisraeli, na wanamichezo na makocha 11 wa Israeli wakauawa. Mashindano yalisimamishwa kwa muda, kisha yakaendelea. Fainali ya mita 400 ilikimbiwa Septemba 7, katika hali hiyo ya majonzi.

Wakenya wawili walikuwamo katika fainali hiyo, Sang na Asati. Wamarekani walikuwa watatu: Collett, Smith na Vincent Matthews. Smith aliumia na kuacha mbio njiani. Matthews alishinda kwa sekunde 44.66, Collett akawa wa pili kwa 44.80, na Sang akapata shaba kwa 44.92. Asati alikuwa wa nne kwa 45.13.

Msomaji na alitazame vizuri jukwaa lile. Collett alitoka UCLA, chuo cha jumuiya yenye nguvu kuliko zote. Matthews, aliyesimama juu kabisa, alikuwa amesoma Johnson C. Smith, chuo kidogo cha weusi mjini Charlotte, mwanachama wa CIAA. Sang alitoka North Carolina Central. Watu wawili kati ya watatu walikuwa wametoka vyuo vidogo vya jimbo moja, vyuo ambavyo mashabiki wengi wa mpira wa Kimarekani hata wasingeweza kuvitaja. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jukwaani ndipo lilipotokea jambo lililobadili historia. Wimbo wa taifa wa Marekani ulipopigwa, Matthews na Collett walisimama kwa mapozi, wakizungumza, bila kuielekea bendera. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwafukuza katika Michezo. Kwa kuwa Smith naye alikuwa majeruhi, Marekani haikuwa tena na watu wanne wa kukimbia 4x400m. Timu iliyotazamiwa kushinda haikufika kwenye mstari.

Septemba 10 Kenya ilipanga watu walewale wa Edinburgh. Asati alianza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko akampa Sang kijiti cha mwisho. Ujerumani Magharibi, wenyeji, walikuwa mbele na mbio zikiwa mikononi mwa Karl Honz, aliyeondoka kwa kasi kubwa huku uwanja mzima ukimshangilia. Sang hakupapatika. Alimwacha Mjerumani atumie nguvu zake, kisha akamfikia na kumpita. Kipande chake kilipimwa kuwa karibu sekunde 43 na nusu. Kenya ilimaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.83, Uingereza ikawa ya pili na Ufaransa ya tatu. Wenyeji walikuwa wa nne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kushinda mbio hizo katika Olimpiki.

Tangu siku hiyo dhahabu ile imeandamwa na swali. Je, Kenya ingeshinda kama Marekani ingekuwapo? Haki inataka tuseme ukweli. Kwa hesabu za karatasi, Wamarekani walikuwa na kasi zaidi. Rekodi yao ya dunia ya mwaka 1968 ilikuwa dakika 2 na sekunde 56.16, na Kenya yenyewe ilikuwa imekimbia 2:59.64 Mexico na kuambulia fedha. Mtu asiyekubali hilo anajidanganya.

Hata hivyo, karatasi hiyohiyo ndiyo iliyosema kwamba mwenye rekodi wa UCLA angetawala fainali ya mita 400, naye hakuimaliza. Karatasi haikumtaja Matthews wa Johnson C. Smith kuwa bingwa, wala haikumpa Sang wa MEAC nafasi jukwaani. Nishani hupewa aliyefika, akapokea kijiti na kukifikisha. Sang alifanya hayo yote, na aliyafanya dhidi ya taifa mwenyeji lililokuwa mbele yake.

Miaka miwili baadaye, Christchurch 1974, Sang alishinda tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola ya 4x400m, safari hii pamoja na Asati, Francis Musyoki na William Koskei. Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 haikumwona Mkenya yeyote uwanjani, kwani Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa ya Afrika yaliyoisusia kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi. Mkewe, Tecla Chemabwai, ana nafasi yake mwenyewe katika historia: pamoja na Lydia Stephens na Elizabeth Chesire, alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki, mwaka 1968.

Julius Sang alifariki Aprili 2004 mjini Eldoret. Ouko, mwenzake wa Durham, alimfuata mwaka 2019.

Turudi Longisa. Ni kweli kwamba jumuiya kubwa zina fedha, na fedha si kitu cha kubeza. Edwin Kurgat alipotwaa ubingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani mwaka 2019, alikuwa Iowa State, katika Big 12. Lakini mwaka 2023 na 2024 ubingwa huohuo ulichukuliwa na Graham Blanks wa Harvard, chuo cha jumuiya ambayo haitoi kabisa ufadhili wa michezo.

Kwa hiyo mzazi aliyeshika barua mkononi asitosheke na herufi za jumuiya. Aulize kocha ni nani, na amekaa hapo miaka mingapi. Aulize mwanawe atakimbia na nani mazoezini. Aulize kama wanafunzi waliomtangulia walitoka na shahada, au walirudi na viatu tu. Na kijana akimwambia kwamba chuo hicho hakijulikani, amsimulie habari za Durham na ya mtu aliyepokea kijiti nyuma ya Mjerumani.