Manute Bol: mrefu aliyemaliza mali yake kwao

Miaka kadhaa sasa nafanya kazi huku bara, baina ya Ruiru na Thika, na kila nirudipo Mombasa watu wa barazani huniuliza juu ya Wasudani Kusini. Ni wengi huku. Wamepanga Ruiru, Juja mpaka Thika. Wengine wamekuja kusoma, wengine walifika wamebebwa mgongoni wakikimbizwa vita, na wapo watoto waliozaliwa papa hapa, Kiswahili chao hakina tofauti na cha majirani. Wakipita njiani huitwa milingoti. Mwenye nyumba mmoja aliniambia bila haya kwamba Msudani hampangishi, ati pesa zao ni za vita.

Vijana wao wakicheza mpira wa kikapu mimi huketi kando nikawatazama. Wote wanamjua Bol Bol, yule mrefu aliyecheza Marekani. Lakini ukiwauliza baba yake alikuwa nani, wengi hubabaika. Basi safu ya leo ni ya huyo baba.

Manute Bol alizaliwa Turalei, katika nchi ya Wadinka. Vitabu vya michezo vinaandika mwaka 1962, ingawa pale hakuna aliyekuwa akiandika tarehe. Utoto wake ni wa kuchunga ng'ombe. Alianza na kandanda, akarefuka kupita kiasi, ndipo akageukia kikapu, kwanza mjini Wau kisha Khartoum. Kocha Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kufundisha mwaka 1982, akamwona, akamshawishi avuke bahari. Hati zake za safari zilimwandika mfupi kama mtoto wa shule. Mwenyewe alieleza kwamba walimpima ameketi. Ukweli ni kuwa alikuwa na mita 2.31.

San Diego Clippers walimchagua mwaka 1983, lakini ligi ikakataa. Akaenda chuo cha Bridgeport, akacheza msimu mmoja, na mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua. Msimu wake wa kwanza NBA alizuia mitupo 397. Mpaka leo hakuna mgeni wa ligi aliyeifikia hesabu hiyo. Alikuwa mwembamba kama mwanzi, wenzake wakimsukuma anayumba, lakini ukiinua mpira karibu na kikapu mkono wake umeshafika. Katika misimu kumi alizuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599. Nadhani hilo ndilo jambo la ajabu kuliko urefu wake: mtu kulipwa miaka yote hiyo kwa yale aliyoyazuia kuliko yale aliyoyafunga.

Washington walimweka timu moja na Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, na wapiga picha wakashiba. Baadaye alihamia Golden State, Philadelphia, Miami. Kule Golden State kocha Don Nelson alimruhusu kutupa kutoka mbali, mashabiki wakawa wanasimama kila akikaribia ule mstari wa pointi tatu. Mwaka 1995 magoti yalikuwa yamechoka na NBA ikaishia hapo.

Sasa tuje kwenye pesa. Kusini mwa Sudan vita vilikuwa vimewaka tangu 1983, na Turalei iko karibu kabisa na mpaka ule wa kaskazini. Ndugu zake wengi waliuawa. Manute alichukua mamilioni ya dola aliyoyapata uwanjani akayapeleka kwao, kwa wakimbizi na pia kwa wapiganaji wa SPLA. Hilo la mwisho sitalificha, maana wapo wanaomsifu kama kwamba alinunua unga na mablanketi tu. Alikuwa na upande. Kijiji chake kilikuwa kikichomwa, na sijui ni nani kati yetu angekaa katikati.

Baadaye serikali ya Khartoum ilimwita arudi, kukiwa na maneno ya amani na ahadi ya uwaziri wa michezo. Kwa maelezo yake, aliwekewa sharti la kubadili dini, akakataa. Sisi tuliolelewa katika Uislamu twajua kwamba imani ya kununuliwa kwa cheo si imani, kwa hiyo sioni haya kusema alikuwa na haki. Akabaki Khartoum hana kitu, akishukiwa kuwa jasusi, haruhusiwi kutoka. Alipofanikiwa kufika Cairo alikuwa mkimbizi kama wakimbizi wengine, na mwaka 2002 Marekani ikampokea kwa hali hiyo hiyo.

Kilichofuata ndicho watu wanachokicheka. Alipanda ulingoni kwenye televisheni kupigana ngumi na William Perry, mchezaji mnene wa kandanda ya Kimarekani, akamshinda. Akasajiliwa na timu ya hoki ya barafu ilhali hajui kuteleza. Akapewa hata leseni ya kuendesha farasi wa mashindano. Waandishi walisema amegeuka kichekesho. Mimi naona walikuwa wakiutazama mwili wake bila kuitazama hesabu yake: malipo ya ngumi yalikwenda kwa watoto wa Sudan. Alijua watu watamkodolea macho apende asipende, akaamua walipie.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali huko Connecticut, akavunjika shingo. Alipopata nafuu alirudia kazi ya kutafuta pesa za kujenga shule kijijini kwao. Mwaka 2010 alikuwa Sudan kwa shughuli hizo, akaugua, na tarehe 19 Juni akafariki hospitalini Virginia kwa figo na maradhi makali ya ngozi. Alikuwa na miaka 47. Sudan Kusini ikawa nchi tarehe 9 Julai 2011.

Miaka kadhaa kabla ya kuwa mkimbizi, aliwafundisha vijana wa kwao kikapu kule Cairo. Kati ya aliokutana nao alikuwa mtoto akiitwa Luol Deng, ambaye baadaye alicheza NBA kwa miaka mingi, kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Timu yake ilifika Olimpiki ya Ufaransa mwaka 2024 na mchezo wa kwanza ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Kabla ya mpira kurushwa, wachezaji walisimama kusubiri wimbo wa taifa lao, na waandalizi wakakosea, wakaupiga wa Sudan.