Abu Zayd al-Balkhi, Tabibu wa Nafsi

Ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Msomaji mpenzi, maneno haya manne tunayatumia kila uchao, na yote asili yake ni Kiarabu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alikuwako mwanachuoni aliyeyaweka pamoja katika kitabu kimoja, akayafanya kuwa maradhi ya nafsi yenye dawa yake. Huyo ndiye Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi.

Alizaliwa karibu na mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, jirani ya mji wa Balkh, ambao leo umo katika nchi ya Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Katika ujana wake alifuatana na msafara wa mahujaji, akaenda kwa miguu hadi Iraq, akakaa huko miaka minane akitafuta ilimu. Miongoni mwa walimu wake hutajwa al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri. Aliporejea kwao alisomesha, akaandika vitabu vipatavyo sitini, na vingi katika hivyo vimepotea.

Hakuwa mtu wa kupenda makuu. Mtawala wa Balkh alitaka kumfanya waziri. Yeye alikataa, akaridhika na kazi ya ukatibu. Na mwanajiografia al-Muqaddasi amesimulia kwamba amiri wa Khurasan alimwita Bukhara. Abu Zayd alipofika ukingoni mwa mto Jayhun na kuuona mkondo wake, alimwandikia amiri kwamba kama anatakiwa kwa ajili ya akili zake, basi akili hizo hizo ndizo zinazomkataza kuuvuka mto ule. Akarudi zake. Basi huyu aliyeandika juu ya hofu hakuwa mgeni wa hofu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake walioshughulikia mwili na kuisahau nafsi, ilhali mwili wa mtu huenda ukakaa muda mrefu bila ya ugonjwa, lakini nafsi hapana siku isiyoguswa.

Dawa yake ilikuwa kuipiga fikira kwa fikira. Mwenye hofu, alifundisha, ni kama mtu wa nchi kavu aliyeona ukungu kwa mara ya kwanza. Hudhani ni ukuta usiopitika. Akiuingia hukuta ni hewa yenye unyevu tu. Mwenye wasiwasi alimtahadharisha na upweke. Na mwenye afya alimtaka aweke akiba ya fikira njema mapema, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kubisha hodi.

Katika miaka ya 1960, huko Philadelphia, Marekani, daktari Aaron Beck aliona kwamba wagonjwa wake wa huzuni nzito hujisemea moyoni maneno ya kujivunja, naye akawafundisha kuyapima kabla ya kuyaamini. Mwendo huo umeenea duniani. Mwaka 2013 Profesa Malik Badri wa Sudan alikitoa kwa Kiingereza kile kitabu cha nafsi, akaonyesha jinsi al-Balkhi alivyotangulia.

Abu Zayd alifariki mwaka 934. Nasi huku pwani, ni wangapi wetu wanaoficha wasiwasi wao kwa kuchelea kuambiwa imani yao haba, au kwamba wana mashetani? Mwenye homa hupelekwa kwa daktari mchana kweupe. Mwenye huzuni hufungiwa chumbani. Mwanachuoni huyu wa dini hakuona aibu kuyaita maradhi haya kwa jina lake, wala hakumtenga yeyote nayo. Nasi tusione aibu kumtafutia mwenzetu tiba.

Mola amrehemu.