Ahmad ibn Majid: Rubani aliyetwikwa lawama ya safari ya Vasco da Gama

Mnamo Aprili 7, 1498, merikebu tatu za Wareno zilitia nanga nje ya kisiwa cha Mombasa. Mkuu wao, Vasco da Gama, alikuwa na mizinga na mabaharia, lakini alikosa rubani wa kumvusha hadi India. Marubani wawili aliowachukua Msumbiji walijitosa majini wakatoroka. Malindi, ambayo mfalme wake alikuwa hasimu wa Mombasa, ndiko alikopewa rubani mgeni. Aliondoka huko Aprili 24, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amefika karibu na Calicut.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Simulizi hiyo ilienezwa na Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyedai kuwa Ibn Majid alileweshwa na Wareno akawafichulia njia.

Ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Baba na babu yake walikuwa marubani. Zama hizo rubani alikuwa mtu wa baharini, wala si wa angani, na elimu yake ilimpatia riziki mbali na kwao. Aliyejua nyota, miamba na pepo aliajiriwa na wenye vyombo wa nchi mbalimbali. Alishuka na kaskazi hadi pwani yetu, akakaa ugenini kungoja kusi imrejeshe.

Elimu hiyo ndiyo aliyoiandika. Kitabu chake kikuu, Kitab al-Fawaid, cha mwaka 1490 hivi, kinaeleza nyota, misimu ya pepo, bandari na wajibu wa rubani chomboni. Alitunga pia utenzi wa Kiarabu kuhusu njia ya bahari hadi Sofala.

Je, ndiye aliyewaongoza Wareno? Wanahistoria wengi wa leo wanakataa. Mwaka 1498 alikuwa tayari mzee. Tena waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani huyo kuwa Mgujarati, wakimwita Malemo Cana. Malemo ni matamshi yao ya neno la Kiarabu muallim, asili ya mwalimu wetu, ambalo katika Bahari ya Hindi lilikuwa cheo cha mwongoza chombo. Hilo halikuwa jina la mtu.

Lawama hiyo haikuwa ndogo. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa, wakairudia mwaka 1528, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kando ya Mji wa Kale. Waliotaka kujua nani aliwafungulia Wareno mlango walishika jina mashuhuri kuliko yote baharini. Hivyo mtu aliyeandika elimu ya bahari ili isipotee akakumbukwa kwa safari ambayo, kwa ushahidi uliopo, yaelekea hakuifanya.