Richard Martin: Bwana Aliyewashtaki Wapiga Farasi

Safari hii naweka mitambo pembeni. Ubishi wa kwenye chai umenipeleka kwingine kabisa.

Rafiki yangu mmoja hapa chuoni, kijana kutoka Ghuba, hupanda farasi katika mbio za masafa marefu, zile zinazofika hata kilomita 160 kwa siku moja. Juzi alikuwa analalamika kwamba sheria zimezidi. Kila awamu farasi anakaguliwa na daktari. Moyo usiposhuka hadi mapigo 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, au akionekana anachechemea, basi, mmetolewa. Yeye anaona mpandaji anamjua farasi wake, aachiwe mwenyewe dhamana. Nikamkumbusha kwamba Machi 2015 shirikisho la dunia la michezo ya farasi liliisimamisha Falme za Kiarabu kwa ajili ya hali ya farasi mbioni, likairudisha Julai mwaka huohuo. Hakukubali.

Nikakumbuka kuwa sisi tunaosoma hapa Galway tuko nyumbani kwa mtu aliyeubeba ubishi huu miaka 200 iliyopita.

Richard Martin alizaliwa mwaka 1754 katika ukoo mkubwa wa hapa Ayalandi. Alisoma Harrow, kisha Cambridge. Alirithi ardhi kubwa mno upande wa Connemara, na makazi yake ya Ballynahinch siku hizi ni hoteli. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mtu wa bastola, mwepesi wa kukubali mapambano ya ana kwa ana. Bwana mmoja aliyeitwa George Robert FitzGerald alipompiga risasi mbwa wa rafiki yake Martin, uadui wao uliishia kwenye bastola.

Kule kwao yeye ndiye aliyekuwa serikali. Wenyeji husimulia kwamba mpangaji akimtesa mnyama, Martin alimfungia katika ngome ya zamani iliyo kisiwani, katikati ya ziwa. Lakini amri yake iliishia kwenye mpaka wa shamba lake. Farasi wa mabehewa ya London angewalinda nani?

Akaenda na hoja hiyo Bungeni. Lord Erskine alikuwa amejaribu mwaka 1809, akashindwa. Wapinzani walisema haya ni mambo ya dhamiri ya mtu na mali yake, Bunge lisiingilie. Mwaka 1821, zilipozungumzwa haki za farasi na mjumbe mmoja akataja punda, ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Martin hakuchoka. Julai 1822 sheria ikapita: atakayempiga au kumtesa farasi, punda, ng'ombe au kondoo atatozwa faini ya shilingi 10 hadi pauni 5, na asipolipa atafungwa hadi miezi 3.

Sasa hapa ndipo nilipomheshimu. Wakati ule London haikuwa bado na jeshi la polisi tunalolijua, maana lilianzishwa 1829. Sheria ilikuwepo, msimamizi hakuna. Basi mzee akawa anakwenda mwenyewe sokoni Smithfield na mitaani, anawakamata watu na kuwapeleka kwa hakimu. Husimuliwa kwamba mara moja alimwingiza punda mahakamani ili majeraha yake yaonekane. Juni 1824 akawa miongoni mwa waliokutana kwenye mkahawa mmoja London, pamoja na kasisi Arthur Broome na William Wilberforce, wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Chama hicho kipo hadi leo, na kina wakaguzi wake.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Alipoteza kiti cha ubunge baada ya uchaguzi wa 1826, na ubunge ulipokwisha wadai wakamwandama. Akakimbilia Boulogne, Ufaransa, akafa huko Januari 1834.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nilipokuwa na miaka 11 nilikuwa nabeba mchanga wa ujenzi kwa punda wa ami yangu. Siku moja nilijaza shogi hadi juu, nikitaka safari moja badala ya mbili ili niwahi mpira. Punda akaanguka kichochoroni. Nikampiga. Ami alimpeleka hospitali ya punda, ambayo iko mjini kwetu tangu 1987, na mimi niliona haya kumtazama yule mnyama kwa siku nyingi. Jamani, nilikuwa namjua vizuri, nampenda, tena nilimlisha kwa mkono wangu. Bado nilimpiga, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Ndiyo maana simkubalii rafiki yangu. Sisi mafundi tunaweka fyuzi hata kwenye nyumba ya mtu mwangalifu, kwa ajili ya ile siku moja atakayosahau. Ila na yeye ana haki kidogo: sheria ya 1822 ingebaki karatasi tu kama Martin asingetoka nyumbani kwenda Smithfield.

Mwenye hoja nyingine, tukutane chai ya Ijumaa. Rafiki yangu atakuwepo, na bado hajakubali.