Mzee Yohani Lauwo, mtu wa mlima Kilimanjaro



Wengi wetu tunapanda mlima kwa kusali, na viatu tunaviacha chini. Leo tusikie habari za mtu wa ng'ambo ya ziwa letu, katika inchi ya Tanzania, ambaye mlima ulikuwa kazi yake ya maisha yote. Ndiye Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu.

Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana mrefu mwenye nguvu alikimbia kazi ya kulazimishwa ya kutengeneza barabara. (Sisi tuliofanya salongo tunamwelewa.) Akakamatwa, akapelekwa mbele ya Mangi Marealle ahukumiwe. Saa ile alikuwapo Mdachi mmoja, Hans Meyer, akitafuta watu wa kumpeleka Kilimanjaro. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887, akashindwa. Mwaka 1888 alitekwa hata kabla ya kuufikia mlima. Basi kijana akatolewa hukumuni, akapewa mlima.

Wachaga waliijua njia ya msitu, kwa sababu ya kuwinda na kutafuta asali. Lakini kule juu ni barafu, mita 5,895, na wapagazi wa siku zile hawakuwa na viatu wala makoti ya baridi. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Wakakiita kwa jina la mfalme wao wa Udachi, na jina hilo likadumu miaka mingi. Tangu uhuru wa mwaka 1961 chaitwa Uhuru.

Na Lauwo? Katika kitabu chake Meyer anamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyevumilia naye katika kambi ya juu. Jina la Lauwo halimo, kwa hiyo wako wanaokana kwamba alikuwapo. Mimi nasema hivi: mbebaji wa mzigo ni mara ngapi aliulizwa jina lake? Babu zetu walibeba mizigo ya Wazungu hapa Mpala tangu mwaka 1883, na majina yao tutayasoma wapi?

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Lauwo aliendelea kuongoza watu mlimani miaka mingi sana, akazeeka katika kazi hiyo. Mwaka 1989, miaka 100 ilipotimia, wakamtafuta, wakamheshimu mbele ya watu, akapewa nyumba kwao Marangu. Alikufa Mei 1996. Walisema ana miaka 125. Hesabu hiyo ni nzito kuiamini, lakini alikuwa mzee kweli kweli.

Penye mlango wa Marangu, pale wapandaji wanapoanzia, limewekwa jiwe la ukumbusho wa waongozaji na wapagazi wa safari ile ya kwanza. Jina la Lauwo limeandikwa humo, pamoja na ya wenzake.