Charles Dotter: Daktari aliyeitwa kichaa, leo njia yake inawapa wagonjwa wa saratani pumzi

Januari 16, 1964, mjini Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikuwa hospitali, mguu umeanza kuoza. Madaktari walitaka kuukata. Bibi akagoma katakata.

Akapelekwa kwa Charles Dotter, mtaalamu wa eksirei. Dotter hakushika kisu. Alipitisha waya na mirija myembamba ndani ya ateri, akapanua palipoziba. Damu ikapita, na bibi akatembea kwa miguu yake hadi alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Dotter alizaliwa Boston mwaka 1920. Akiwa na miaka 32 tu alikabidhiwa idara ya eksirei ya chuo cha udaktari Oregon, akaiongoza hadi mwisho wa maisha yake. Alipenda kupanda milima, na vifaa alijitengenezea mwenyewe, hata kwa nyuzi za gitaa. Wapasuaji wengi walimpuuza, wengine wakamwita kichaa.

Mwaka 1969 alichapisha majaribio ya kuweka springi za waya ndani ya ateri za mbwa ili zisizibe tena. Hapo ndipo wazo la stenti lilipoanza kushika mizizi.

Kumbe naye alikuwa mgonjwa. Aliugua saratani ya tezi limfu aina ya Hodgkin, akatibiwa kwa mionzi. Alifariki mwaka 1985.

Mwaka uliofuata, madaktari walitoa ripoti za stenti kwenye vena kubwa zinazorudisha damu kwenye moyo. Saratani ikiibana ile ya kifuani, uso na shingo vinavimba, pumzi inakata, kulala chali inakuwa shida. Stenti ikikaa sawa, wengi hupata nafuu ndani ya siku chache.

Ila miili haifanani. Kwa kawaida vena hiyo ipo kulia, lakini wapo wachache, chini ya mtu 1 kati ya 100, wenye nyingine kushoto, na baadhi yao ya kulia hawana kabisa. Daktari akienda kwa mazoea, anaweza kupotea njia au kuweka stenti pasipofaa.

Ndiyo maana CT scan na picha za mishipa hutangulia: damu inapita wapi, imezibwa wapi, na njia ipi ikifunguliwa itatosha.

Ni kazi ileile aliyoianza Dotter: soma picha kwanza, ndipo uingize waya.