Paul Sabatier, mwanakemia aliyekataa kuhamia Paris

Wasikilizaji wetu wa Palma na Mocímboa da Praia wamelisikia neno gesi kila siku tangu mwaka 2010, ilipogunduliwa chini ya bahari katika bonde la Rovuma. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani. Mwaka 1902 methani ilitengenezwa maabarani, kutokana na kaboni dioksidi na haidrojeni, na Mfaransa Paul Sabatier.

Alizaliwa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, tarehe 5 Novemba 1854. Alisoma Paris, akapata udaktari mwaka 1880, kisha akarejea kusini, akawa profesa wa kemia Toulouse mwaka 1884. Paris ilipomwita mwaka 1907 kushika nafasi ya marehemu Henri Moissan, alikataa. Hatimaye Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilianzisha viti vya wanachama waishio mikoani, naye mwaka 1913 akawa wa kwanza kuchaguliwa.

Kazi iliyompa jina aliianza mwaka 1897 pamoja na padri Jean-Baptiste Senderens. Walipitisha ethilini na haidrojeni juu ya unga laini wa nikeli uliopashwa moto, ikatoka ethani. Nikeli, metali isiyo ghali kama platini, ilikuwa kichocheo tu: ilizishika gesi kwa muda, ikaziunganisha, ikaziachia, yenyewe ikabaki. Kwa fikra zake, mshiko huo usiwe hafifu wala mkali mno. Kanuni hiyo ingali ikifuatwa na wataalamu wanaochanganya metali mbili na kuzitandaza juu ya alumina, ili metali moja irekebishe mshiko wa nyingine.

Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Victor Grignard, aliyetuzwa kwa kazi nyingine kabisa. Senderens hakupewa kitu, na kwa maoni yetu hakutendewa haki.

Sabatier alishughulika zaidi na mvuke. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyepitisha haidrojeni ndani ya mafuta ya majimaji, akapata hataza mwaka 1902. Mafuta ya nazi huganda yenyewe asubuhi ya baridi, kama ajuavyo kila mpishi wa pwani. Mafuta ya pamba hayagandi mpaka yatiwe haidrojeni. Njia hiyo ilijaza masoko mafuta ya kupikia ya mgando. Lakini ikiachwa nusu njia, huzaa mafuta yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe vyakulani.

Sabatier alifariki Toulouse tarehe 14 Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 86.